Udiwani kata yetu hapa Ngamiani: nimewasikiliza wagombea wote wanne, nasema ninavyowaona

Fundi wa Barabara ya 12 (mwanzisha uzi)

Wana jamvi, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga mjini. Kibanda changu kiko Barabara ya 12, na tangu kampeni zifunguliwe tarehe 28 Agosti 2025 magari ya matangazo yanapita mlangoni kwangu kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Tarehe 29 Oktoba tutapiga kura tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Hizo mbili za kwanza kila mtu ana la kusema, hata mteja aliyeleta suruali ya kupunguza. Hii ya tatu ukimuuliza mtu anakwambia, "Aah, huyo nitamjulia hukohuko kituoni."

Hilo linaniuma sana, ndiyo maana nimeanzisha uzi. Rais simfikii. Mbunge nusu ya mwaka yuko Dodoma. Diwani ndiye anayekaa kwenye baraza linalopanga ushuru wa meza pale soko la Mgandini, ada ya taka, leseni ya kibanda changu, na fedha kiasi gani ya mapato ya ndani iende zahanati na kiasi gani iende kwenye posho na mafuta ya magari. Tanga ni jiji tangu 2005, lina kata 27. Ina maana kata yetu ina sauti moja ya kuchaguliwa kati ya sauti 27, ukiacha viti maalumu na mbunge. Tukiipoteza hiyo moja tumekaa kimya miaka mitano.

Nimekwenda mikutano ya wagombea wote wanne wa kata yetu. Wawili nimewasikiliza zaidi ya mara moja. Sitaji jina wala chama, na nawaombeni na nyie msitaje, maana likitajwa la chama tu hapa hakuna tena mazungumzo. Nitawapa majina ya kupanga: Aliyepo, Tajiri, Mama na Kijana.

Kipimo changu ni kimoja. Huyu anayeomba kazi, anaijua kazi anayoiomba?

Tajiri. Naanza naye kwa sababu ndiye aliyejaza watu. Mkutano wake ulikuwa na ngoma, na baada ya mkutano kuna nyumba ya jirani pilau lililiwa. Aliahidi mambo matatu: lami mitaa yote ya kata, kuondoa yale makato ya kodi ya majengo kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), na ajira za vijana kule Chongoleani kwenye bomba la mafuta.

Watu walipiga makofi mpaka mimi nikatamani kupiga. Lakini hebu tuyatazame moja moja. Barabara za mitaa ziliondolewa kwenye halmashauri mwaka 2017, zikapewa TARURA, yule wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Diwani hana fungu la lami mfukoni. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kwa LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ile imepitishwa na Bunge. Baraza la madiwani la Tanga lote likikaa likakubaliana kuifuta, haifutiki. Na lile bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima ni la kampuni, ajira zake hazigawiwi na diwani wa Ngamiani.

Kuna jambo moja angeweza kulisema kuhusu Chongoleani nikamuelewa: ushuru wa huduma. Kampuni zinazofanya kazi ndani ya jiji zinatakiwa kuilipa halmashauri ushuru wa asilimia ndogo ya mauzo yao. Mgombea angesimama akasema, "Nikiingia barazani nitauliza kila robo mwaka nani kalipa, nani hajalipa, na kilicholipwa kimefanya nini," ningempa kura palepale. Hakuligusa. Sidhani kama ni mtu mbaya. Ana moyo wa kutoa na misiba ya mtaani anafika. Ila anaomba kazi asiyoijua.

Aliyepo. Huyu ndiye aliyekuwa diwani wetu miaka mitano hii na anaomba tena. Ni mzee wangu, ananifahamu tangu nasoma shule ya msingi, kwa hiyo naandika kwa heshima. Mazuri yake nayasema: madarasa yameongezeka, na watu wakigombana kuhusu mpaka wa kiwanja anakwenda mwenyewe kuwaamua. Baya lake ni kwamba harudi kutueleza. Miaka mitano yote mimi nimemwona kwenye mkutano wa wananchi mara tatu, na moja kati ya hizo ni mwaka huu. Nilimuuliza mbele za watu, "Baba, lile suala la taka ulilisemea nini barazani?" Akanijibu kwamba limeshafikishwa sehemu husika. Nikamuuliza sehemu gani. Akasema, mwanangu, serikali ina taratibu zake.

Nilikaa chini. Lakini wakuu, Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe. Barazani alikuwa na kiti. Kwenye kamati za baraza pia alikuwa na nafasi. Hiyo sehemu husika anayoitaja yeye alikuwemo ndani yake.

Mama. Huyu ni mtu wa vikundi, na kwenye mambo ya asilimia 10 hakuna anayemfikia kati ya wanne. Alisimama kwenye uwanja mdogo karibu na msikiti, hakuwa hata na kipaza sauti, akaeleza mpaka bibi zangu wakaelewa: kwenye kila shilingi mia ya mapato ya ndani ya halmashauri, sheria inataka kumi zitengwe kwa mikopo isiyo na riba. Nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Akaeleza mikopo ilivyosimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya fedha kupotelea kwenye vikundi hewa na marejesho kuwa mabovu, na ilivyorudi 2024 kwa utaratibu mpya. Akawaambia akina mama waziwazi: mkopo si sadaka, usiporudisha umemnyima mwenzio.

Nampenda kwa hilo, maana mgombea anayemwambia mpiga kura deni lazima lilipwe ni adimu. Wasiwasi wangu ni kwamba ukimtoa kwenye mikopo hana maneno. Nilimuuliza habari ya zahanati, akarudi kwenye vikundi. Nikamuuliza taka, akarudi kwenye vikundi, ati akina mama waunde kikundi cha kuzoa taka. Si wazo baya, ila swali langu lilikuwa jingine.

Kijana. Hapa naomba mnivumilie kidogo, nitakwenda taratibu.

Huyu hakuja na gari. Alikuja na baiskeli, kama watu wetu wengi wa Tanga, akaiegemeza kwenye nguzo ya kibanda changu, akasalimia, akaomba kukaa. Nikamwambia nina nguo ya harusi ya kesho, kama ana la kusema aseme huku nashona. Akasema hana la kusema, ana la kuuliza: ada ya taka nalipaje?

Nikamwambia nalipa, na risiti ninazo. Mimi huweka risiti zote kwenye kopo la biskuti, mazoea niliyorithi kwa marehemu baba aliyekuwa karani. Akaomba kuziona. Nikampa kopo. Akasogeza kitambaa pembeni, akaanza kuzipanga juu ya meza yangu ya kukatia, mwezi kwa mwezi, kama mtu anayepanga karata. Zile za mashine akaweka upande mmoja, zilizoandikwa kwa mkono upande wa pili. Nyingine wino umeshafifia, akawa anaziinua kwenye mwanga wa mlango.

Alipomaliza akaniita. Kumbe mwezi Machi, mwezi Mei na mwezi Juni nimelipa mara mbili. Mara moja kwa mwenye mashine, mara moja kwa mtu mwenye kitabu. Mimi kila anayekuja na kofia na kitabu nampa, nataka amani niendelee na kazi yangu. Sikuwahi kuzilaza pamoja nikaziona.

Hakusema neno baya juu ya mtu yeyote. Na mimi sisemi wale ni akina nani, kwa sababu sijui. Alichofanya ni kuandika kwenye daftari lake: tarehe, kiasi, namba ya risiti. Akaniambia amepita vibanda 31 mpaka siku hiyo, na mimi ni wa tisa kulipishwa mara mbili. Kisha akasema kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa mgombea: ada hii imewekwa kwa sheria ndogo, sheria ndogo hutungwa na baraza la madiwani na kuidhinishwa na waziri, kwa hiyo hapa diwani hana pa kujificha.

Kwa hiyo kura yangu mpaka leo inaelekea kwa Kijana. Mama namweka wa pili, Aliyepo wa tatu. Tajiri namwombea heri kwenye biashara zake.

Karibuni tujadili. Kama uko kata nyingine ya jiji, tueleze wa kwenu wanasema nini.

---

Mvuvi wa Deep Sea

Dada Fundi, uzi mzuri lakini unajisumbua. Mwenye jiji ni mkurugenzi. Mkurugenzi kateuliwa na Rais, diwani hawezi kumfukuza, hawezi kumhamisha. Mimi niko Deep Sea soko la samaki miaka kumi na nne, nimeona madiwani wanakuja wanapiga picha na changu na kolekole, wanaondoka. Barafu bado naipigania mwenyewe. Samaki ikifika saa saba mchana bila barafu unauza kwa bei ya kutupa, na ushuru unalipa uleule.

---

Fundi wa Barabara ya 12

Kaka Mvuvi, pole sana na hiyo hasara, najua inavyouma kutupa ulichokihangaikia usiku kucha.

Hapo kwa mkurugenzi uko sahihi nusu. Anateuliwa na Rais, kweli. Lakini kwenye baraza yeye ni katibu. Anayepitisha bajeti ya halmashauri ni baraza, na anayepitisha sheria ndogo za ushuru wako ni baraza. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa kwa madiwani, na kila robo mwaka baraza linakaa. Likikaa na watu wanaosoma makabrasha, mkurugenzi anaulizwa. Wakiwa watu wa kusubiri posho, mkurugenzi anasoma, wanagonga meza, wanakwenda kula. Kwa hiyo huyo mkurugenzi unayemwona ana nguvu, sehemu ya nguvu hiyo kaachiwa na wale tuliowachagua bila kuwatazama.

Na kingine ambacho wengi hatukijui: vikao vya baraza mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza. Mimi mwenyewe miaka yote hii sijawahi kwenda hata kimoja, na hilo nalijutia.

---

Kijana wa Pongwe

Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa. Chama kikuu cha upinzani hakimo kwenye karatasi mwaka huu, tangu Aprili tume ilishasema hakitashiriki. 2020 tuliona kata ngapi nchi nzima zilipita bila kupingwa? Halafu wewe unatuletea habari za nani anajua kazi na nani haijui. Matokeo yanajulikana. Mimi siku hiyo nalala.

---

Fundi wa Barabara ya 12

Mdogo wangu, sikukatalii ulichokiona. Uchaguzi ambao mtu unayemtaka hayumo kwenye karatasi ni uchaguzi pungufu, na hasira yako ina haki. Siwezi kukwambia ufurahi.

Nataka tu nikueleze ninavyofikiri mimi. Tarehe 30 Oktoba asubuhi yule mtu mwenye kitabu atakuja kibandani kwangu kuchukua ada. Atakuja nikiwa nimepiga kura, atakuja nikiwa nimelala. Atakuwepo diwani, awe nani awe nani. Nataka awe mtu ambaye jina langu na risiti zangu zimo kwenye daftari lake. Hata akishindwa huyo ninayemtaka, atakayeshinda atakuwa ameshaulizwa maswali haya mbele za watu, na nitamrudia nayo.

Ukiamua kubaki nyumbani ni uamuzi wako na sikulaumu. Ila mkutano wa mgombea nenda ukaulize. Kuuliza hakuhitaji karatasi ya kura.

---

Mama Ntilie wa Mgandini

Nyie, hiyo ya kulipa mara mbili mnaiona kwenye taka tu? Mimi naanza kupika saa kumi alfajiri. Saa moja mtu wa ushuru kafika, uji sijauza hata kikombe cha tatu. Namwambia kaka zunguka urudi, anasema mashine inataka sasa hivi. Nalipa. Mvua ikinyesha nasogea upande wa pili kukwepa matope, naambiwa huku ni eneo lingine nilipe tena!

Vuli inakuja, tena ndio mwezi huohuo wa kura. Mfereji wa nyuma yetu umejaa maganda ya machungwa ya Muheza na mifuko mpaka juu. Mwaka jana maji yaliingia chini ya meza zetu tukaokota masufuria yanaelea. Sasa kwenye hao wanne wako kuna aliyeutaja mfereji?

---

Fundi wa Barabara ya 12

Dada yangu, hakuna hata mmoja. Na mimi sikuuliza, kwa sababu mvua haijaanza nikasahau. Nimeandika swali lako kwenye karatasi, nitalipeleka.

---

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu Fundi, nimekusoma tangu juu. Umeandika vizuri, nami nina masahihisho mawili na swali moja.

Sahihisho la kwanza. Umesema barabara si kazi ya diwani kwa sababu ya TARURA. Ni kweli fungu liko TARURA, lakini usimpe diwani upenyo wa kukimbia. Vipaumbele vya barabara na mifereji vinaanzia huku chini, kwenye mtaa na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo umesema mwenyewe mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Na meneja wa TARURA huitwa barazani kutoa taarifa. Diwani mzuri hajengi lami, ila anaifanya barabara yake itajwe kila kikao mpaka wamchoke. Kwa hiyo kosa la huyo unayemwita Tajiri ni kuahidi kama mwenye mali. Angeahidi kama msemaji wetu, ningemsikiliza. Swali la huyu mama wa Mgandini kuhusu mfereji linaingia hapahapa.

La pili, kuhusu maji, maana najua litakuja. Mgombea akisema ataleta maji, mkumbusheni kwamba maji ya mjini hapa ni kazi ya mamlaka ya maji, yenye bodi na vitabu vyake. Mnakumbuka Februari 2024 Tanga UWASA ilivyozindua hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 kupanua mtandao wa maji. Diwani ana haki ya kuuliza bomba litafika lini mtaa gani. Asijisifu kwa bomba ambalo si lake.

Sasa swali. Wengi humu mnakumbuka uchaguzi wa 2015, umeya wa Tanga ulivyoleta mgogoro, wajumbe wa upande mmoja wakakataa kumtambua meya na vikao vikawa vya mvutano. Kata zilizoumia ni zote, za chama hiki na za chama kile. Huyo Kijana wako ana daftari zuri. Je, umemuuliza atafanyaje akijikuta peke yake ndani ya baraza? Diwani mmoja hapitishi kitu. Mwenye hasira ya haki bila mwenza barazani anaweza kukaa miaka mitano akipiga kelele na risiti zenu zikabaki kwenye kopo.

---

Fundi wa Barabara ya 12

Mwalimu, shikamoo. Nimepokea masahihisho yote mawili. La barabara nililisema vibaya, na sasa naona Aliyepo nimemtetea bila kujua: kama lami na mfereji havikutajwa barazani, lawama ni yake pia.

Na swali lako sikuliuliza. Nilifurahia ile meza yenye risiti nikaona nimefika. Kijana ana mkutano Jumamosi baada ya alasiri. Nitakwenda na maswali mawili, lako na la dada wa Mgandini, na nitarudi hapa niwaeleze alivyojibu, liwe zuri liwe baya.

---

Mkazi wa Duga

Huku kwetu wagombea wamekuja na fulana tu. Nimetumia maswali ya uzi huu jana kwenye mkutano, nikauliza: "Mheshimiwa, baraza lina kamati gani za kudumu na wewe utaomba kukaa ipi?" Alikaa kimya sana. Baadaye mpambe wake akanifuata kuniuliza natokea chama gani. Nikamwambia natokea mtaani, nimejiandikisha shuleni pale. Fundi, hebu nisaidie, zipo ngapi?

---

Fundi wa Barabara ya 12

Ndugu yangu wa Duga, zinazotugusa sana ni hizi: ya Fedha na Uongozi, ya Uchumi, Afya na Elimu, na ya Mipango Miji na Mazingira. Ipo pia ya kudhibiti Ukimwi. Taka na mazingira ni Mipango Miji. Zahanati ni ile ya Uchumi, Afya na Elimu. Hongera kwa kuuliza, na usimwogope mpambe.

---

Fundi wa Barabara ya 12 (Jumamosi usiku)

Nimerudi. Mkutano waliuwahisha siku moja kwa sababu ya uwanja, ukafanyika jana Ijumaa. Ulikuwa wa watu wachache, viti vya kukodi kama arobaini na vingine havikukaliwa. Upande wa pili wa barabara gari la Tajiri lilisimama kidogo likapiga muziki, likaondoka.

Nilianza na la mfereji. Kijana alisema kweli hakuwa nalo kwenye mipango yake. Hakutafuta maneno ya kuficha. Aliuliza mfereji upi, nikamweleza, akamwomba mtu mmoja pale aliyekuwa dereva wa guta ampeleke kesho yake asubuhi akaone. Nimeambiwa na dada wa Mgandini kwamba leo saa moja alikuwa pale kweli, kavaa ndala, kaingia mpaka kwenye kifundo cha mguu, akapima urefu kwa hatua na kuhesabu sehemu tatu zilizoziba. Moja imezibwa na ngazi ya zege ya duka la mtu. Hiyo hakuna aliyekuwa ameiona, kila mtu alikuwa analaumu maganda ya machungwa.

 

Kisha swali la Mwalimu. Nililisema kama lilivyo: ukijikuta peke yako utafanyaje? Hapa alinyamaza muda. Alisema alikuwa anafikiria kwamba akiwa na ushahidi watamkubali tu. Mzee mmoja wa mbele akamwambia, "Mwanangu, ushahidi usio na mtu wa kuunga mkono hauandikwi kwenye muhtasari." Kijana akakubali kwamba hilo hajalifikiria vya kutosha.

Nikawa nimevunjika moyo kidogo, nisiwafiche. Lakini aliyefuata kusimama alikuwa Mama. Ndiyo, mgombea Mama, alikuja kusikiliza mkutano wa mpinzani wake, amekaa nyuma na mtandio wake wa kijani. Akaomba ruhusa, akasema hivi: akishinda yeye, anamwomba Kijana ampe lile daftari la risiti, na atalisoma barazani kikao cha kwanza atakachopewa nafasi. Akishinda Kijana, yeye atamletea vikundi 14 vya akina mama wa kata wajae kwenye viti vya wananchi siku ya baraza ili asionekane yuko peke yake. Na akishinda mwingine yeyote, wataandika barua wawili kwa pamoja kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Walipeana mikono pale mbele. Sijawahi kuona wagombea wa vyama viwili wakifanya hivyo kwenye kata hii.

Mwalimu, swali lako limezaa kitu ambacho mimi peke yangu nisingekifikia. Sasa natamka wazi kwamba kati ya Mama na Kijana nimegawanyika, na sioni aibu kugawanyika. Nimekata karatasi mbili za kukatia nguo, moja nimeandika aliyoahidi Kijana, nyingine aliyoahidi Mama, na tarehe. Nimezibandika ukutani juu ya cherehani ambapo kila mteja anaziona.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba binti yangu. Bandika na ya tatu. Andika jina la Aliyepo, na chini yake uandike: ngazi ya zege juu ya mfereji, kibali kilitolewa na nani? Hilo ni la Mipango Miji, na miaka mitano yote hii diwani wetu alikuwa yeye.

---

Fundi wa Barabara ya 12

Nimeibandika, Mwalimu. Aliyepo mwenyewe amesema atapita Jumatatu kuchukua kanzu yake. Nitamsomea.